Nani mwenye kauli juu ya mpangilio wa nyumba: aliyenunua vyombo au anayeshinda humo?

Mkazi wa Kimara

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa rika zangu. Naomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo kwa mtu wa nje ni dogo, lakini nyumbani kwetu limeanza kutunyima usingizi. Mimi na mke wangu tulianza maisha katika chumba kimoja cha kupanga, na huko mpangilio haukuwa na mjadala: kitanda kilikaa mahali pekee kilipoenea, pazia likagawa chumba, na mtungi wa gesi ukakaa nyuma ya mlango. Sasa tumehamia nyumba ya vyumba viwili na sebule, na nafasi hiyo tuliyoitamani kwa muda mrefu ndiyo iliyoleta maneno.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Jioni narudi na mzigo wa madaftari ya kusahihisha, na ningependa kuwa na kona yenye meza. Mke wangu ni fundi cherehani na kazi zake anazifanyia nyumbani, kwa hiyo wateja humfuata hapo kuchukuliwa vipimo. Cherehani yake iko sebuleni chini ya dirisha, vitambaa vimelala juu ya viti, na mgeni akipiga hodi inabidi asubiri kwanza magauni ya watu yaondolewe ndipo apate pa kukaa. Nimenunua sofa ya L kwa mkopo, na kwa mtazamo wangu ikiwekwa pale ilipo cherehani, sebule itafanana na sebule. Yeye anauliza cherehani iende wapi, ikiwa chumba cha watoto hakina mwanga na chumbani kwetu hawezi kumwingiza mteja. Hoja hiyo naielewa. Ninachoshindwa kukikubali ni kauli yake kwamba mambo ya ndani ya nyumba ni ya mwanamke, na kwamba mwanamume akishalipa kodi amemaliza.

Chumba chetu cha kulala nacho kina mgogoro wake. Kina futi 10 kwa 10. Mimi nataka kitanda cha 6 kwa 6, yeye anataka cha 5 kwa 6 ili kabati la nguo lipate nafasi. Tuna mtoto mchanga anayenyonya na mwingine wa miaka sita. Isitoshe, mama yangu huja mjini mara kwa mara kwa ajili ya kliniki na hukaa kwetu wiki kadhaa, na kila anapokuja, chumba cha watoto hupanguliwa chote.

Ninyi mnaamuaje? Je, anayetoa fedha ndiye aamue, au kuna utaratibu mwingine ambao hautamwacha mmoja akijisikia mpangaji ndani ya nyumba yake?

Fundi wa Keko

Mwalimu, mimi ni seremala na huingia nyumba nyingi kupima na kufunga makabati. Kabla ya kuulizana nani aamue, naomba mchukue futi ya kupimia, kwa sababu ugomvi wa namna hii mara nyingi huisha vipimo vinapoanza kusema.

Tuanze na chumba cha kulala. Kitanda cha 6 kwa 6 si futi 6 kamili, kwa maana vipimo hivyo ni vya godoro, na mbao za fremu huongeza inchi kadhaa kila upande. Kikikaa katikati ya chumba cha futi 10, hubaki pungufu ya futi 2 kila upande. Kabati la nguo la kawaida lina kina cha karibu futi 2, maana hanga yenye shati inahitaji nafasi hiyo. Kwa hiyo kabati likikaa ubavuni, kitanda ni lazima kisogezwe mpaka kiguse ukuta wa pili, na kati ya kitanda na kabati ibaki njia isiyofika futi 2, ambamo mlango wa kabati ukifunguka mtu hana pa kusimama. Cha 5 kwa 6 kinakurudishia futi moja yote upande huo. Mkiking'ang'ania cha 6 kwa 6, basi agizeni kabati la milango ya kuteleza, ingawa bei yake huwa juu zaidi, na reli zake zikiwa za bei rahisi zitawasumbua mapema.

Kuna jambo moja ambalo wateja wangu wengi hawalifikirii mpaka wameshalala humo. Kitanda kikiguswa na ukuta, mmoja wenu atakuwa mtu wa ukutani, na kila atakapoamka usiku itambidi amruke mwenzake. Kwa kuwa mna mtoto anayenyonya, mama ndiye anayeamka zaidi, kwa hiyo upande wa nje ni wake. Jiulize mwenyewe kama uko tayari kulala ukutani kwa sababu ya futi moja ya godoro.

Kuhusu sofa ya L, nyingi huwa ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa vishikizo chini. Igeuze uangalie. Ikiwa ni ya namna hiyo, si lazima ikae kama L: kipande kirefu kinaweza kukaa ukutani na kifupi kikatazamana nacho, na dirisha likabaki huru. Kabla ya kubeba chochote, chukua chaki, uchore sakafuni umbo la kila kitu kwa vipimo vyake halisi, kisha mpite humo wote wawili, mmoja akiwa amebeba beseni. Pasipopitika kwa beseni, hapafai kuwa njia.

Na mtungi wa gesi usirudi tena nyuma ya mlango. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini sakafuni, na chumba chenye watoto na milango iliyofungwa ni mahali pabaya pa kuigundua.

Mama Sare

Kaka mwalimu, nami ni fundi cherehani, nipo Morogoro, kwa hiyo utanisamehe nikiegemea upande wa wifi yangu. Cherehani inakaa dirishani kwa sababu ya kazi yenyewe. Mwanga ukija kutoka kushoto, kivuli cha mkono wa kulia hakiangukii kwenye mshono. Ukitoka nyuma, mshonaji anajiziba mwenyewe. Ukimhamishia chumba cha giza atawasha taa kutwa, na LUKU utainunua wewe unayelalamika. Kitambaa cheusi kinachoshonwa kwa uzi mweusi hakishoneki gizani hata kwa mtu mwenye macho ya kijana.

Hilo la anayetoa fedha ndiye aamue, naomba tulipime vizuri. Wewe hulipwa kwa mwezi, na fedha yako inaonekana kwa sababu hununua vitu vikubwa vinavyoingia mlangoni kwa kubebwa na watu wanne. Fedha ya cherehani huingia kidogo kidogo na kutoka siku hiyo hiyo kununua mboga, mafuta, sabuni na daftari la mtoto, kwa hiyo hakuna kitu ndani ya nyumba kinachoweza kunyooshewa kidole na kuitwa chake. Na hata mke asiyeingiza shilingi, kazi anayofanya nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kulitamka hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilipokubali kwamba kazi za nyumbani za mke zihesabiwe kuwa mchango wake katika mali ya ndoa, na wenzetu wa Kenya wameliandika waziwazi katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Sheria hizo zinahusu mali, si mahali pa kuweka sofa, na Mungu apishe mbali msifike huko. Ila kama mahakama haikumpima mke kwa risiti, sioni kwa nini sebule ipimwe kwa risiti.

Kwa upande mwingine, wifi naye asikimbilie kusema ndani ni kwa mwanamke. Mimi mume wangu alikuwa akila amesimama msimu wa sare za shule, mwezi wa Desemba na Januari, kwa kuwa kila kiti kilikuwa na mafungu ya sketi. Tulikubaliana kwamba kazi yangu ina mpaka: cherehani, meza ya kukatia, na rafu moja ya ukutani. Kitambaa kikivuka mpaka huo baada ya saa kumi na mbili jioni, yeye anayo haki ya kukikunja na kukirudisha, nami sinuni. Msimu wa sare tunaongeza nafasi kwa makubaliano, na shule zikifunguliwa tunairudisha.

Halafu meza yako na meza yake ya kukatia zinaweza kuwa meza moja. Yeye hukata mchana, wewe husahihisha usiku. Inunuliwe yenye droo mbili, kila mmoja na yake, na mkasi usionekane juu ya madaftari wala kalamu nyekundu juu ya kitambaa cheupe cha mteja.

Mzee wa Singida

Vijana, mnazunguka sana. Nyumba ina mkubwa wake. Mashauriano ni mazuri, lakini yakishindikana ni lazima awepo mmoja wa kusema basi, vinginevyo sofa itakaa barazani hadi mvua za masika. Mwalimu, msikilize mkeo, kisha amua.

Mzaliwa wa Lamu

Mzee wangu, shikamoo. Sipingi kwamba lazima pawe na mwisho wa maneno, ila nataka kuonyesha kwamba huyo mkubwa wa nyumba si kila mahali alikuwa mume. Katika mji wa Lamu, miongoni mwa familia zenye uwezo, ilikuwa desturi baba kumpa binti yake nyumba anapoolewa, au kumjengea ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa mke, na hapakuwa na aliyeshangaa.

Mpangilio wa zile nyumba za mawe ulifuata hali hiyo. Ukiingia unaanzia dakani, yaani kibaraza cha mlangoni penye viti vya mawe, na mwanamume asiye wa nyumba mara nyingi huishia hapo au katika sebule ya wageni. Kisha uwanja wa ndani, kisha misana, yaani kumbi ndefu za wenyeji, na nyuma kabisa chumba kinachoitwa ndani, chenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya thamani. Kadiri unavyoingia ndivyo unavyokaribia himaya ya mke. Mume naye alikuwa na mahali pake, na ndiyo maana mabaraza ya mitaani yalijaa wanaume jioni. Vyumba vyenyewe vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana wa kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu bila kulegea. Mahali pa kuweka kitanda paliamuliwa na mti wa pwani kabla ya mume na mke kukutana.

Sisemi mrudi huko. Nyumba hizo zilikuwa na wafanyakazi wengi, tena wengi wao watumwa, na utulivu wa ule utaratibu ulitegemea jasho lao. Ninachokichukua ni kimoja: nyumba ile ilitenga mahali pa mgeni na mahali pa wenyeji, tena mapema, kwa kuta. Nyumba zetu za kupanga zina sebule moja inayotakiwa iwe duka, ofisi, ukumbi wa wageni na mahali pa watoto kulala. Mwalimu na mkewe hawagombei ukubwa. Wanagombea chumba cha tatu ambacho hakipo. Kama nyumba yenu ina kibaraza chenye paa, wateja wa kuchukua nguo zilizokwisha wapokelewe hapo, na ndani aingie wa kupimwa tu, nyuma ya pazia. Utaona sebule inapumua.

Mkazi wa Kimara

Nawashukuru nyote. Jana tumechora kwa chaki. Sofa ni vipande viwili kama alivyosema fundi, na ikiwekwa kama L mahali nilipotaka, inaziba njia ya jikoni. Mke wangu hakusema neno, alibeba beseni tu. Kwa hiyo cherehani inabaki dirishani na meza tutaitafuta ya pamoja. Mpaka wa vitambaa ameukubali, ila anataka saa moja badala ya saa kumi na mbili, kwa kuwa wateja wengi hupita wakitoka kazini. Kitanda bado tunavutana. Mzee wa Singida, nimekusikia, lakini nikitumia kauli yangu ya mwisho kwenye godoro, nitabaki na nini kwa mambo makubwa?

Lililobaki ni la mama. Mke wangu anasema hachukii ujio wake, anachukia kuambiwa asubuhi kwamba mama yuko kwenye basi.

Mama Sare

Hapo wifi ana haki kabisa, na wala si jambo la fenicha. Tarehe ya kliniki huandikwa kwenye kadi siku mama anapoondoka. Ibandikeni jikoni, na wewe uwe unampigia mkeo kabla ya kumjibu mama. Bora zaidi, mke ndiye ampigie mama mkwe kumkaribisha.

Kwa kulala, msimhamishe mtoto sebuleni kila mara. Mwambieni fundi awatengenezee kitanda cha mtoto chenye kitanda kingine cha kuvuta chini yake. Mama alale cha juu na mtoto avute cha chini, si kinyume chake, kwa kuwa magoti ya mtu mzima hayapendi kuinuka kutoka sakafuni. Na kitanda hicho kikae upande wa mlango, maana lazima ataamka usiku kwenda chooni, tena pasiwe na kapu la vitambaa njiani.