Mpigaji au mkabaji: bondia akitaka kuingia MMA aanze na nini?

Mleta mada (Dar)

Wakuu, salaam. Juzi kijiweni maneno yalichacha mpaka muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe vyake. Kisa ni kijana mmoja wa mtaani kwetu, bondia wa ridhaa, mkono wake wa kulia mzito kama nyundo ya fundi gereji. Ametangaza kwamba anaacha ndondi anaingia MMA, ule mchezo wa kizimbani ambamo ngumi, mateke, kubwagana na kukabana vyote ruksa. Wazee wa ngumi wakasema kijana ameshakamilika, aongeze mateke tu. Mimi nikasema bado hana kitu. Nikazomewa.

Sasa naileta kwenu. Kati ya mpigaji na mkabaji, nani ana nafasi kubwa zaidi kizimbani? Na huyu kijana aanzie wapi?

Msimamo wangu nauweka wazi tusije tukazungushana: miezi sita ya kwanza asiguse begi la ngumi. Ajifunze kuanguka, ajifunze kukataa kuangushwa, na ajifunze kuinuka akiwa na mtu juu yake.

Ngumi haitoki mkononi, wakuu. Bondia yeyote anajua inaanzia kwenye kidole gumba cha mguu, inapita kiunoni, ndipo inafika begani. Ukimlaza chali umemnyang'anya miguu, na ukimnyang'anya miguu umebakiza mikono miwili inayopapasa.

Nalisema hili kwa sababu lilinikuta. Nilikuwa na kilo themanini na kitu, nina mapambano kadhaa ya ridhaa, na kichwa kimevimba. Tulikuwa tunapiga tizi kwenye banda moja Temeke, chini turubai lililojazwa maranda. Akaja kijana mwembamba, mtu wa judo, hata sabini hafiki. Nikamwambia kwa huruma kabisa, "Dogo, nitakupiga polepole." Jabu ya kwanza ikampata, na ya pili ikampata. Ya tatu ilipotoka, yeye hakuwepo. Kichwa chake kilikuwa ubavuni kwangu na mikono yake nyuma ya magoti yangu, na kilichofuata ni kuyaona mabati ya paa. Nikaanza kupiga kutoka chini, ngumi zenyewe kama za mtu anayefukuza mbu. Nikafanya anachofanya kila bondia asiyefundishwa: nikageuka kifudifudi ili nisukume chini ninyanyuke. Nikampa mgongo. Mkono ukapita chini ya kidevu, ile roba ambayo watu wa Dar tunaijua kwa majambazi. Nikapiga turubai mara tatu kuomba po. Mambo yote hayo hata dakika moja haikufika.

Na siyo mimi tu. Novemba 1993 huko Denver, Marekani, UFC ya kwanza kabisa (shindano la MMA linalojulikana zaidi duniani) iliwakusanya watu wanane wa mitindo tofauti wakapambanishwa usiku mmoja. Aliyeshinda ni Royce Gracie, Mbrazili wa jujitsu, mchezo wa kukabana chini, mwembamba kuliko wengi waliokuwemo. Alipigana mara tatu, na ukijumlisha muda wote haufiki dakika 5. Mmoja wa wapinzani wake alikuwa bondia, Art Jimmerson, aliyeingia na glavu mkono mmoja tu. Alilazwa, akakaliwa juu, akaomba po kabla hajatupa ngumi ya maana.

Haya, nichaneni.

Bondia mstaafu (Tanga)

Mdogo wangu, pole kwa yaliyokukuta Temeke. Ila usigeuze aibu yako kuwa sheria ya dunia.

Watu wa kukaba mkikosa hoja mnakimbilia Denver. Usiku huohuo wa Denver, pambano la kwanza Gerard Gordeau alimtandika teke la uso mtu wa sumo aliyemzidi uzito kwa mbali, jino likaruka, nusu dakika haijafika mchezo umekwisha. Hiyo mbona hukuisimulia?

Gracie alishinda kwa sababu wale hawakujua kinachokuja. Ni mshtuko. Wapigaji walipojifunza, hadithi ikageuka. Mwaka 1997 Mark Coleman, mwanamieleka aliyekuwa akiogopwa kuliko wote, alishindwa kwa pointi na Maurice Smith, mtu wa kickboxing, yaani ngumi na mateke. Baadaye akaja mpigaji Chuck Liddell. Huyo alijifunza jambo moja la mieleka, kukataa kuangushwa, halafu akawa anazima watu taa mmoja baada ya mwingine.

Kuna jambo jingine hamlisemi: kila raundi inaanza watu wakiwa wima. Mkabaji akimaliza dakika 5 juu ya mtu, kengele ikilia analazimika kuanza upya, kulipita tena konde lilelile. Na mkilala bila kufanya kazi refa anawasimamisha. Mpigaji anahitaji kosa moja. Agosti 2022 kule Salt Lake City, Kamaru Usman, mwanamieleka mzaliwa wa Nigeria, alikuwa anaongoza mpaka raundi ya tano. Ikabaki chini ya dakika moja. Leon Edwards akarusha mguu wa kushoto kichwani. Usman akaanguka kama gunia. Dakika 24 za kazi ziliyeyuka kwa teke moja.

Sisi Tanga tunajua ngumi moja inafanya nini. Muulizeni bondia Mwingereza Sam Eggington alivyokutana na Hassan Mwakinyo wetu kule Birmingham mwaka 2018.

Dada wa mazoezini (Mombasa)

Shikamoo mwalimu wa Tanga. Naomba kuuliza kidogo, mbona nyote mnaongea kana kwamba kizimba na barabara ni kitu kimoja? Mimi nilianza mazoezi kwa ajili ya usalama wangu. Mtaani ukimlaza mtu chini mwenzake anakuja kukupiga teke la kichwa. Huko nitasimama na kukimbia, asanteni.

Mleta mada

Dada, hapo sina ubishi. Mtaani mbio ndiyo sanaa kuu. Lakini hata kukimbia kunataka ujue kuchomoka mtu akishakukumbatia. Tuendelee na kizimba.

Mzee wa Tanga, marahaba kwa niaba yako kwanza. Huyo Maurice Smith umemleta mwenyewe, na mimi nampokea kwa mikono miwili. Alimshindaje Coleman? Aliangushwa, akakaliwa juu, akatulia kule chini bila kupaparika, akamwacha jamaa amalize pumzi zote ndipo akamwadhibu wakiwa wima. Utulivu ule haufundishwi kwenye begi la ngumi. Aliusomea kwa wakabaji. Na Liddell unayemsifia, umesema mwenyewe: alianza na mieleka ya kujilinda. Si ndicho ninachomwambia kijana?

Mtu wa judo (Unguja)

Assalaam aleikum. Nyote wawili mnachanganya mambo mawili. Kubwaga ni elimu moja, kukaba ni nyingine. Ukizitia kwenye kapu moja ukaziita "mkabaji", utampoteza huyo kijana.

Mfano ni Demian Maia, bingwa wa jujitsu, akikushika chini husalimiki. Julai 2017 alipigania ubingwa na Tyron Woodley, mwanamieleka mwenye ngumi nzito. Maia alijaribu kumwangusha zaidi ya mara 20, na hata mara moja hakufaulu. Raundi tano elimu yake yote ya kukaba ilikaa mfukoni, haikupata pa kutumika.

Kwa hiyo anayetawala si mpigaji wala mkabaji. Ni yule anayeamua pambano lifanyike wapi. Khabib Nurmagomedov, mwanamieleka wa Urusi, aliondoka na ushindi 29 bila kupoteza kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akichagua. Conor McGregor, mpigaji wa Ireland, na mkono wake wa kushoto wote ule, Oktoba 2018 Khabib alimbana mpaka akasalimu amri raundi ya nne. Woodley naye alichagua, ila yeye akachagua wima.

Huku kwetu judo ipo miaka mingi, na Andrew Thomas Mlugu ameiwakilisha Tanzania kwenye Olimpiki za Rio 2016 na Paris 2024 kwa mchezo huu. Watu wanadhani nchi hii ina ngumi tu kwa sababu ngumi ndiyo inayooneshwa kwenye televisheni.

Mlinzi wa zamu ya usiku (Riyadh)

Mimi nimewasoma wote, na nashangaa hakuna aliyemtaja Ngannou. Huyo ndiye jibu la kijana wenu, maana ameyapitia yote.

Francis Ngannou wa Cameroon, alichimba mchanga akiwa mdogo, akafika Paris akitafuta ndondi, akatumbukia MMA. Ngumi aliyonayo mnaijua. Januari 2018 alikutana na Stipe Miocic, bingwa wa uzito wa juu wakati huo. Miocic akamkwepa, akamlaza, akamlaza tena, raundi tano nzima. Tembo alichoka mpaka huruma.

Machi 2021 wakarudiana. Miocic akaingia miguuni kama zamani. Safari hii Ngannou akarusha miguu nyuma, akamlalia mgongoni, akampiga akiwa pale pale. Raundi ya pili Miocic akalala. Ngumi ni ileile ya 2018. Kilichoongezeka ni kiuno.

Utamu uko Januari 2022 na Ciryl Gane. Goti la Ngannou bovu, raundi mbili za mwanzo kazipoteza, Gane anampiga mateke anavyotaka. Raundi ya tatu Ngannou, mpigaji wa wapigaji, akamnyanyua mtu akambwaga chini. Akabaki na mchezo huo mpaka mwisho, akashinda kwa pointi. Nilikuwa getini naangalia kwa simu, nikapiga kelele msimamizi akatoka kuuliza kuna mwizi.

Mwaka uliofuata, Oktoba, alikuja huku huku Riyadh akamwangusha bondia Tyson Fury kwa ngumi, ndondi tupu, ingawa majaji walimpa Fury. Kwa hiyo mzee wa Tanga asinung'unike, mkono haukuharibika kwa kusomea mieleka.

Bondia mstaafu (Tanga)

Sijanung'unika. Huyo Ngannou nimemkubali, ila angalieni mpangilio. Ngumi alikuja nayo, mieleka akaongezea. Mngemtoa begi miezi sita mwanzoni kama mleta mada anavyotaka, huenda mkono ule tungeusikia kwa jirani. Mkono mzito usipotumika unalala. Asubuhi ngumi, jioni mieleka, hapo nitanyamaza.

Mleta mada

Mzee, umenipata. Miezi sita bila begi naifuta, nilikuwa na hasira za kijiweni. Asubuhi na jioni, sawa. Ila akichoka akaacha kimojawapo, asiache cha jioni. Hapo siondoki.

Hata hao wanaosema wapigaji wamerudi kutawala, nawaomba waitazame Agosti 2025 kule Chicago, Khamzat Chimaev na Dricus du Plessis. Du Plessis alikuwa bingwa, ana nguvu, mwaka mmoja nyuma alimkaba Israel Adesanya, mpigaji maarufu, mpaka akaomba po. Chimaev, mwanamieleka, akamlaza zaidi ya dakika 20 kati ya 25. Mzee, hizo raundi unazosema zinaanza wima zilianza wima kweli, tena zote tano.

Bondia mstaafu (Tanga)

Nimeitazama. Nililala raundi ya tatu.

Sasa jibu hili, maana maneno tumeyamaliza. Kocha wa ngumi Dar yuko kila kona, hata chini ya mwembe. Huyo kijana cha jioni ataenda kukisomea wapi? Nitajie makocha watatu wa mieleka unaoweza kuwafikia kwa daladala.

Mleta mada

Yule wa judo aliyenikaba alishahama. Banda la Temeke sasa ni stoo ya saruji. Wa tatu simjui, na wa pili ndiyo kwanza naanza kumtafuta.

Mtu wa judo (Unguja)

Boti ya asubuhi ipo kila siku. Aje na kanzu ya judo kama anayo, kama hana tutamwazima. Ila mwambieni akate kucha.