Bei ya maji ikipangwa, sisi wa bomba la mtaa tunasemea wapi?

mkazi_bwaise: Jamani nieleweshwe. Huku Bwaise, Kampala, jerikeni ya lita 20 tunauziwa 200, na yuniti moja ni lita 1,000 yaani jerikeni 50, piga hesabu ni shilingi 10,000! Mwenye mita yake ndani ya geti halipi hivyo. Hii haki kweli?

fundi_mabomba: Ndugu yangu, tarifa (bei rasmi) ya bomba la umma ndo ya chini kuliko zote za NWSC, shirika la maji la taifa Uganda, shida inaanzia kwa muuza maji, yeye anapandisha anavyotaka na hakuna wa kumuuliza. Kwa LC1 (baraza la kijiji/mtaa) daini bei iandikwe pale pale bombani, na msimamizi mumchague nyinyi mnaochota.

mama_watatu: Na majitaka je? Wenye laini ya sewa wanatozwa kwa asilimia ya maji waliyotumia, sisi wa vyoo vya shimo tunaita gari la kunyonya kwa pesa zetu, shimo likijaa msimu wa mvua ni balaa mtaa mzima. Wakijadili tarifa watuite na sisi!

mkazi_bwaise: Asanteni sana, hili la bei kuandikwa nalipeleka kwa mwenyekiti wiki hii.