Eskaveta ikipata moto inapoteza mawasiliano na kompyuta ya injini

Habari zenu mafundi, naombeni ushauri. Nina eskaveta ya mtumba tani 20 ipo saiti Geita, ikifanya kazi kama nusu saa monita inaandika hakuna mawasiliano na kompyuta ya injini, injini inabaki sailensa tu (mzunguko wa chini, haipandi), ikipoa inarudi. Nimebadili betri, nimesafisha earth na soketi, moja ilikuwa na kutu ya kijani kabisa. Nikazima umeme wote nikapima zile waya mbili za CAN zilizosokotana (zinazobeba mawasiliano kati ya kompyuta za mashine), ikiwa baridi napata ohm 60, ya moto 120, kwa hiyo nahisi kati ya zile resista mbili za ohm 120 za mwisho wa waya, moja inapotea njiani. Nimeambiwa ninunue kompyuta nyingine ila hela ya kubahatisha sina jamani.

Nianzie kuchomoa soketi gani nijue kipande kibovu bila kufumua waya zote? Na hiyo resista ya upande wa injini huwa ndani ya kompyuta au iko nje?