Naomba ushauri: mtoto anayeziba masikio darasani

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha darasa la awali. Nina mtoto wa miaka 4, wimbo ukianza tu anaziba masikio na kujikunyata chini ya meza. Bado haongei, ila akitaka maji anakushika mkono hadi bombani. Picha za ratiba nilizobandika ukutani zimemsaidia sana: anazigusa moja moja, na kubadilisha shughuli hakumlizi tena. Kelele ndizo zinamshinda.

Mliowahi kulea au kufundisha mtoto kama huyu, kona tulivu ilisaidia, au ilimtenga na wenzake? Na mama yake nimwelezeje ampeleke akapimwe usikivu na ukuaji bila kumtia hofu? Mimi si daktari, sitaki kumbandika mtoto jina la ugonjwa.