Tupeane uzoefu: ulimpataje bibi yako wa karne ya 19 kwenye makaratasi ya ukoo?

Mjukuu wa Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kwetu wanaume wanahesabiwa mpaka babu wa tisa. Ukiuliza wanawake, wazee wanatazamana, kisha mmoja anasema "hayo yameshapita mwanangu". Mimi nilikuwa namtafuta mama yake babu mzaa baba.

Nilianza na msahafu wa nyumbani. Ndani ya jalada vizazi vimeandikwa kwa wino uliogeuka kahawia. Mtoto wa kiume ana jina, siku, mwezi, mwaka, hata wakati: "baada ya alasiri". Wa kike wameandikwa "na binti", basi. Babu yangu yumo, mwaka 1310 Hijria (ulianza Julai 1892), mama yake hayumo.

Nilijua alikuwa mtumwa. Nikaenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, nikapekua habari za walioachwa huru kwa amri ya Sultani ya kufuta utumwa, ya 6 Aprili 1897. Siku kadhaa, patupu. Mzee mmoja niliyekaa naye meza moja akaniuliza, "Alizaa na bwana wake?" Nikamwambia ndiyo. "Basi huyo suria, mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake, humu humpati."

Kweli. Amri ile masuria iliwaweka kando, wakangoja mpaka 1909. Na kwa sheria ya Kiislamu, suria aliyezaa na bwana wake huwa huru bwana akifa, hahitaji kwenda kudai hati. Kwa hiyo mfuateni kwenye karatasi za bwana: wasia, mirathi, wakfu.

Wangu nilimkuta kwenye nakala ya wakfu wa nyumba, pembeni imeliwa na mchwa. Bwana ameandika: mama wa mtoto wake, akae chumba cha chini umri wake wote, asitolewe. Jina lake lipo, la kupewa, kama walivyoitwa wenziwe Faida au Tamasha. Baada yake, "binti Abdallah", walivyoandikwa wengi ambao baba zao hawakujulikana.

Hilo "asitolewe" limenikaa moyoni. Aliyeandika alijua wapo watakaotaka kumtoa.

Nyie wenzangu?

Mkaa Bagamoyo

Pole na hongera. Sisi ni wa misheni iliyopokea watumwa waliokombolewa, bibi zetu wako kwenye vitabu vya ubatizo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868 na waliandika sana. Shida ni kwamba akishabatizwa jina la zamani linapotea, na akina Maria wako wengi mno. Mimi nilimtambua kwa ndoa: mume wake tulimjua, na tulijua walihamishiwa misheni ya Mhonda. Ukikwama kwa mwanamke, tafuta alifunga ndoa na nani, nani walisimama mashahidi, halafu rudi nyuma.

Wa Kengeleni

Mimi ni wa Freretown, Mombasa, makazi ya watumwa waliokombolewa. Nyanya alikuwa akisema mamake ni Mnyasa, nasi tukaandika hivyo kila mahali. Lakini maneno machache aliyobaki nayo, ya kubembelezea mtoto, nilimsomea mzee mmoja kutoka Tunduru, naye akayafahamu yote. Ni Kiyao! Walioshushwa hapa kutoka majahazini wengi waliitwa Wanyasa kwa jumla tu, wawe wametoka pande gani za Ziwa Nyasa. Tafadhali rekodini wazee wenu wakiimba, msingoje karatasi.

Mjukuu wa Unguja, hicho chumba cha chini bado kipo?

Mjukuu wa Unguja

Kipo. Nilikwenda mwezi uliopita, wanakaa wapangaji, wakanikaribisha vizuri. Mlango ni mfupi, unaingia umeinama. Dirisha moja tu, linatazama kisima cha uani. Nilikaa pale kizingitini mpaka magharibi ikaadhiniwa, nikamsomea Fatiha kwa jina lake.