Gari ya CVT inavuta na kuachia ikishapata moto, fundi anataka tubadili gia boksi. Naombeni ushauri

MamaVitumbua_Goba
Habari za jioni wakuu. Nina kagari ka Kijapani ka 2009, cc 1300, gia boksi CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), kilomita 118,000. Kila siku saa 11 alfajiri nashusha vitumbua na maharage kutoka Goba hadi Mwenge.

Asubuhi ikiwa ya baridi haina shida. Ikishatembea kama dakika 20, nikiwa kwenye spidi 20 hadi 40 na nimekanyaga mafuta kidogo tu, inavuta, inaachia, inavuta tena, kama mtu anaisukuma kwa nyuma halafu anaghairi. Juzi ndoo ya maharage ya nazi imemwagika yote kwenye siti. Kurudi ndiyo balaa: kwenye mlima wa Goba injini inalia, gari inajikongoja.

Mwezi uliopita nilifanya sevisi gereji moja ya mtaani, wakabadili oili ya injini na ya gia boksi. Nimerudi kwao, fundi ameendesha mpaka kona tu akasema gia boksi imekufa, tutafute ya mtumba, milioni moja na laki nane pamoja na ufundi. Huo ndio mtaji wangu wote. Taa ya injini haijawaka. Natanguliza shukrani.

Tabata_Kimanga
Pole sana dada. Usitoe hela kwanza. Yangu ilishtuka hivyo hivyo, nikaambiwa gia boksi, kumbe koili moja (inayopeleka moto kwenye plagi) ilikuwa imechoka na gari inamisi, yaani silinda moja haichomi mafuta vizuri. Kagua plagi, koili na usafi wa throto (mlango wa hewa ya injini).

FundiWaGia
Dada, Tabata hajakosea, ila kuna kipimo cha bure cha kutenganisha hayo mawili. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Injini ikiwa inamisi, gari inadunda huku injini yenyewe inakatakata, mara nyingi hata ikiwa imesimama silensa (injini inawaka tu, gari haitembei) inatetemeka. CVT ikiteleza, mshale unapanda, sauti inapanda, spidi imebaki pale pale. Ukipanda Goba leo, mwambie mtu aliyekaa pembeni akuangalizie.

Na hapo kwenye sevisi ndipo moyo wangu ulipostuka. Waliweka oili gani? CVT haina gia za kupanda moja, mbili, tatu. Ni puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Puli zinafunguka na kujibana, uwiano unabadilika bila hatua. Kinachobana puli ni presha ya oili, na oili hiyo hiyo ndiyo inaufanya mkanda ushike chuma kwa chuma bila kutafunana. Waholanzi wa DAF walitoa gari ya mfumo huu mwaka 1958, lakini mikanda yao ilikuwa ya mpira. Huu wa chuma ukiuwekea haidroliki ya kawaida ya otomatiki (ATF), haushiki inavyotakiwa. Ikipata moto na kuwa nyepesi, ndiyo unaona hayo.

Kijana_wa_Gerezani
Chomoa kijiti cha kupimia. Ukiona oili nyekundu, ujue wameweka haidroliki.

FundiWaGia
Hapana mdogo wangu, rangi peke yake inadanganya. Ipo oili ya CVT nyekundu, ipo ya kijani. Dada, rudi gereji uombe kuona kopo, au risiti ya duka. Kisha fungua kitabu cha gari usome jina la oili inayotakiwa. Pia kiwango cha oili kiangaliwe gari ikiwa na moto, kwa jinsi kitabu kinavyosema. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa na dalili ni hizo hizo.

MamaVitumbua_Goba
Wakuu, nimepanda na mwanangu akiangalia. Mshale umefika 3,500, spidi 25 haisogei. Na kopo nimeliona, limeandikwa ATF. Hakuna neno CVT popote.

FundiWaGia
Basi usiiendeshe tena hivyo, hata kwenda sokoni. Ukimwaga mara moja haitoki yote, nyingine inabaki kwenye konveta (kiungo cha injini na gia boksi) na njia za ndani. Tuseme inabeba lita 6 na kwenye nati zinatoka 3: ya zamani inabaki nusu, ukirudia robo, ukirudia tena nusu ya robo. Kwa hiyo mara tatu, na kati yake unatembea kidogo ichanganyike. Sampu (bakuli la oili la chini) ishushwe, chujio libadilishwe, na uangalie mwenyewe kwa macho yako sumaku ya ndani yake inayonasa vumbi la chuma. Ukikuta unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, mkanda umeshaumia, na hapo ndipo mazungumzo ya mtumba yaanze. Mwombe pia mwenye mashine ya kupimia asome kompyuta ya gia boksi. Kosa linaweza kuwa limehifadhiwa bila taa kuwaka.

MamaVitumbua_Goba
Leteni masikio wakuu. Jana nimekaa gereji nyingine tangu saa tatu. Oili iliyotoka nyeusi, ina harufu ya kuungua. Sumaku nimeifuta mwenyewe kwa kitambaa: unga laini tu, kama majivu ya mkaa, hakuna kilichochoma. Chujio jipya, oili ya jina la kitabuni, awamu ya kwanza. Leo mlima wa Goba nimepanda kwa 40, RPM 2,500. Kushtuka kupo bado kidogo kwenye foleni ya Makongo. Awamu ya pili Jumamosi. Vitumbua kwa sasa napeleka kwa bajaji.

Tabata_Kimanga
Alhamdulillah. Jumamosi utujuze, na sumaku uiangalie tena.