Jibini moja tu ya kukaa kwenye friji: cheddar, gouda, mozzarella, feta au brie?

Mlaji_Taratibu

Wakuu, salamu. Leo nina swali la tumbo, siasa tuiweke kando. Tuseme umelazimishwa kuchagua jibini moja tu ya kukaa kwenye friji yako mwaka mzima. Sizungumzii ya kupikia karamu, nazungumzia ya kula: kipande na mkate, kipande na tunda, kipande cha saa tano usiku ukiwa umesimama mbele ya friji mlango uko wazi na hutaki kuulizwa. Utachukua ipi?

Orodha yangu nimeipunguza mpaka zimebaki tano. Cheddar iliyokomaa, kwa ule ukali unaochoma ulimi kidogo. Gouda kwa utamu wake. Mozzarella mbichi, ile inayouzwa ikielea kwenye maji. Feta kwa ajili ya saladi. Na brie, kwa siku zile ninazojiona mtu mkubwa. Hapo kila nikitaka kutoa moja roho inauma. Nisaidieni, ila toeni na sababu. "Mimi napenda hii" haitoshi.

KisuButu

Cheddar. Wasimamizi, fungeni uzi.

Mama_Sufuria

KisuButu, punguza haraka, wenzio bado hawajaketi.

Mlaji, kabla hujataja jina jiulize kwanza: utaila ya baridi au utaipasha moto? Jibu la hilo linakata orodha yako karibu nusu. Ndani ya jibini kuna wavu wa protini inayoitwa kaseini, umeshikanishwa na kalsiamu, na mafuta yamenasa humo. Jibini ikipata joto mafuta hulainika, wavu hulegea, na jibini hutiririka. Lakini si zote. Feta ina asidi nyingi, kalsiamu yake kubwa imeshatoka, kwa hiyo kwenye moto inalainika na kumeguka tu, haitiririki. Halloumi ya Kupro nayo mgando wake, yaani maziwa yaliyogandishwa, hupikwa kabisa kwenye maji ya maziwa yenye joto kali, wavu unakaza, ndiyo maana unaweza kuikaanga kwenye kikaango ikawa ya kahawia nje na bado ikabaki na umbo lake. Kwa mtu wa mkate wa kuoka, hizo mbili hazimfai.

Na mozzarella? Inayeyuka vizuri sana, inavutika mpaka unacheka, ila ladha yake ni ya upole mno kukaa peke yake juu ya mkate. Zinabaki cheddar na gouda. (Brie nayo inayeyuka, lakini mimi naona kuiweka kwenye moto ni kuionea.)

Jambo moja ambalo watu hawalisemi: cheddar iliyokomaa sana haiyeyuki vizuri. Kadiri inavyokaa, protini zake zinakatika vipande vidogo, wavu unadhoofika, na ukiipasha inaachia mafuta pembeni huku katikati ikibaki chengachenga. Ya kuyeyusha iwe ya umri wa kati. Tumia moto mdogo, funika kikaango, na uikwaruze mwenyewe. Ile inayouzwa ikiwa tayari imekwaruzwa hupakwa wanga au unga mwingine ili isigandamane, na unga huo unaizuia kuungana vizuri ikiyeyuka.

Ukoko_wa_Mkate

Naunga mkono hoja ya Mama, ila mimi natetea gouda mpaka mwisho.

Tofauti yake na cheddar inaanzia kwenye sufuria. Wanaotengeneza gouda, mgando ukishakatwa, humwaga sehemu ya maji ya maziwa na kujaza maji ya moto badala yake. Maji hayo huondoka na sukari ya maziwa, bakteria wanabaki na chakula kidogo, na asidi haipandi sana. Huo utamu wake unatokea hapo, hakuna aliyeweka sukari. Kwenye cheddar mambo ni kinyume: mgando hukatwa mapande, yanapangwa moja juu ya jingine, yanageuzwa tena na tena yakijikamua yenyewe, na asidi inazidi kupanda. Mtindo huo umechukua jina la kijiji cha Cheddar kule Somerset, Uingereza. Kwa hiyo mtu akisema cheddar ni "kali" na gouda ni "tamu" hajasema upuuzi, ameeleza namna zilivyotengenezwa.

Sasa kama hujala gouda iliyokaa mwaka mmoja na nusu au miwili, nakuomba usipige kura bado. Rangi yake inakaribia ya sukari iliyoungua, haikatiki bali inavunjika, na katikati unakutana na vipunje vigumu vinavyolia chini ya jino. Watu wanadhani ni chumvi. Mara nyingi ni tairosini, asidi amino inayojitenga na kuganda protini zinapovunjika kwa muda mrefu. Vunja kipande kidogo, weka juu ya kipande cha tufaha lenye uchachu, halafu usiongee na mtu kwa dakika moja.

KisuButu

Dakika moja nzima? Kipande changu kinakuwa kimeshaisha.

Halafu mbona cheddar nyingine ni ya chungwa na nyingine nyeupe? Ya chungwa ndiyo kali zaidi, sivyo?

Ukoko_wa_Mkate

Hapana mkuu. Rangi hiyo ni ya mbegu za anato, zinazotumika kutia rangi tu. Haikuambii lolote kuhusu ukali. Soma umri kwenye karatasi yake, rangi iache.

Buluu_Mpaka_Kesho

Nimepitia uzi wote nikitafuta jibini ya buluu, hola. Hivi mko sawa?

Roquefort, ndugu zangu. Maziwa ya kondoo, inakomazwa ndani ya mapango ya mlima Combalou pale Roquefort-sur-Soulzon, kusini mwa Ufaransa, na ukungu wake unaitwa *Penicillium roqueforti* kwa jina la hapo hapo. Wanaitoboa kwa sindano ndefu ili hewa iingie, kwa sababu ukungu huo bila hewa hauoti. Ndiyo maana ukikata unaona mishipa ya buluu imefuata njia. Chumvi, siagi na mwasho kidogo, vyote kwa pamoja. Tia tone la asali au kipande cha peasi lililoiva na urudi hapa unishukuru.

KisuButu

Hiyo si jibini, hiyo ni onyo.

Mama_Sufuria

Hahaha! Muacheni Buluu jamani. Ila kwa swali lililoulizwa, ya kula kila siku mwaka mzima, hapana. Ni ya kula kidogo na kwa nia. Ukiamka nayo asubuhi siku nne mfululizo, ulimi unachoka.

Buluu_Mpaka_Kesho

Ulimi wako, dada. Wangu una mazoezi.

Mpole_wa_Tumbo

Samahani kuingilia. Mimi maziwa yananisumbua, glasi moja tu tumbo linaanza kunguruma. Kwa hiyo mjadala huu naushangilia kutoka nje, au kuna ninayoweza kula?

Mama_Sufuria

Ingia ndani, mpendwa, nafasi ipo. Kinachosumbua watu wengi kwenye maziwa ni laktosi, ile sukari yake. Jibini inapotengenezwa laktosi nyingi huondoka na maji ya maziwa, na inayobaki huliwa na bakteria siku zinavyokwenda. Zilizokomaa kama cheddar, gouda na Parmigiano Reggiano hubaki na kidogo mno, karibu na sifuri. Zinazoliwa mbichi, mfano ricotta, ndizo zenye laktosi zaidi. Anza na kipande kidogo cha jibini ngumu uone. Lakini kama shida yako ni mzio wa protini za maziwa, yaani unavimba au pumzi inabana, hiyo ni habari tofauti kabisa na jibini yoyote si yako. Hilo linahitaji daktari.

Mpole_wa_Tumbo

Ni tumbo tu, hakuna kuvimba. Asante sana, nakwenda kutafuta ile yenye vipunje.

Mlaji_Taratibu

Nashukuru wote. Feta nimeitoa kwenye orodha, ingawa kwa machozi. Swali jingine: mbona brie ninazokula hazina ladha? Watu wanaisifu kama kitu cha ajabu, mimi naona siagi iliyovaa koti jeupe.

Ukoko_wa_Mkate

Unaila ikitoka kwenye friji moja kwa moja?

Mlaji_Taratibu

Ndiyo. Si ndiyo inavyohifadhiwa?

Ukoko_wa_Mkate

Kuhifadhi ni kitu kimoja, kula ni kingine. Mafuta yakiwa ya baridi yanashikilia harufu, na sehemu kubwa ya ladha ya jibini unaipata kwa pua. Itoe, iache imefunikwa mezani kama saa moja kabla ya kula. Kwa jibini ngumu nusu saa inatosha. Hili likifanywa hata cheddar ya kawaida inapanda daraja.

La pili, angalia kama imeiva. Brie inaiva kutoka nje kwenda ndani, kwa sababu kazi inafanywa na ule ukungu mweupe wa kwenye ganda. Bonyeza katikati kwa kidole: ikiwa ngumu, na ukikata unaona mstari mweupe wa chaki, bado changa. Ikilegea sawasawa, hiyo ndiyo. Ikinuka amonia kali hata baada ya kuachwa wazi kidogo, imepitiliza. Na ganda lake unalila, usilimenye.

Nyanya_na_Chumvi

Naona mozzarella imetolewa na watu wasioijua vizuri, kwa hiyo niseme neno. Mbichi hailiwi kwa sababu ya ukali, inaliwa kwa sababu ya maziwa. Mgando unatiwa kwenye maji ya moto sana, unavutwa na kukunjwa mpaka unang'aa, kisha unakatwa mabonge. Ile ya Campania, Italia, ni ya maziwa ya nyati wa kufugwa, yenye mafuta mengi kuliko ya ng'ombe, na ukiikata inatoa maziwa kwenye sahani. Nyanya iliyoiva kweli, mafuta ya zeituni, chumvi. Ukiongeza kitu cha nne umeharibu.

Ila nikiwa mkweli, kwa swali la mwaka mzima nisingeichagua. Ni mgeni wa siku moja: ikifika ni ya kuliwa leo, ukimlaza kwenye friji wiki nzima anakasirika.

Mzee_Kombe

Vijana mmezunguka sana. Mmeiacha ile iliyoumbwa kwa swali hili.

Parmigiano Reggiano. Kwa kanuni hairuhusiwi kuuzwa kabla ya miezi 12, na nyingi zinakaa 24 hadi 36. Gurudumu moja lina uzito wa karibu kilo 40 na limekula zaidi ya lita 500 za maziwa. Mkaguzi analigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Mlio ukiwa si mmoja, ndani kuna ufa au tundu. Sasa niambieni ni chakula gani kingine kinachopimwa kwa sikio.

Wengi wanaifahamu kama vumbi la kunyunyizia tambi, na hapo ndipo wanapoidhulumu. Chukua kisu kifupi chenye ncha, chomeka, zungusha, acha kipande kipasuke chenyewe. Usikate. Anza kula pale palipopasuka kwa mikwaruzo, ndipo harufu inapotoka. Vipunje anavyovisifu Ukoko vimejaa humo. Ukimaliza, ganda linatupwa kwenye supu likachemke nayo, kisha linatolewa. Na inakaa kwenye friji wiki nyingi bila kulalamika, kitu ambacho mozzarella na brie hawawezi.

Nyanya_na_Chumvi

Mzee umenipata. Angalizo moja tu kwa wasiokula kitu chochote cha mnyama aliyechinjwa: Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa kwenye tumbo la ndama, ndivyo kanuni zake zinavyotaka. Cheddar na gouda nyingi siku hizi hutumia kimeng'enya kinachozalishwa na vijidudu. Someni karatasi.

Mlaji_Taratibu

Basi nitoe uamuzi. Parmigiano siwezi kuiweka kwenye mkate wa kuoka nikaridhika, Mzee anisamehe. Brie nitaipa nafasi tena kwa kufuata masharti ya Ukoko, lakini kama mgeni wa Nyanya. Nachukua gouda iliyokomaa kwa kula, na naomba kibali cha kuweka kipande kidogo cha changa kwa kuyeyusha. Kisheria hizo ni jibini moja.

Mama_Sufuria

Ni mbili, ila tumekubali.

KisuButu

Wakati mnaandika risala, cheddar yangu imeota ukungu pembeni. Natupa?

Mama_Sufuria

Kama ni ngumu, usitupe yote. Kata angalau sentimita mbili na nusu kuzunguka na chini ya ukungu, kisu kisiuguse, kilichobaki ukifunge upya kwenye karatasi ya kuokea, si nailoni iliyobana. Ingekuwa jibini laini au iliyokwisha kukwaruzwa ningekuambia tupa, kwa sababu huko ukungu unapenya mbali bila kuonekana.

KisuButu

Nimepima. Nikitoa sentimita mbili na nusu kila upande, ninabaki na karatasi.

Mama_Sufuria

Siku nyingine nunua kipande cha mtu mzima.

Buluu_Mpaka_Kesho

KisuButu, huo ukungu una rangi gani?

KisuButu

Usithubutu.